Kishikwambi na Kazi ya Mwalimu

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilipokwisha, Serikali iliamua kuwa vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wagawiwe walimu. Uamuzi huo wastahili sifa, kwani mali ya umma haikuachwa kuozea ghalani. Lakini wapo wasemao kwamba sasa mwalimu hana haja tena ya kompyuta ya mpakato. Hapo sikubaliani nao.

Karani wa sensa aliuliza swali, akagusa jibu, akaendelea na swali jingine. Kazi hiyo kishikwambi hukiweza vyema: ni chepesi, nacho hutumika hata umesimama mlangoni pa mtu. Kwa kusoma pia chafaa sana. Vitabu vya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania huwa kiganjani.

Kutunga ni jambo jingine. Mwalimu anayeandaa mtihani wa Hisabati hupanga maswali, huchora pembetatu, huhamisha aya, kisha hujumlisha alama za wanafunzi 90 katika jedwali. Kwenye kishikwambi, kibodi inayojitokeza kiooni humeza karibu nusu ya ukurasa. Akinunua kibodi ya pembeni na kipanya, amekwisha kuunda kompyuta ya mpakato, ila kwa vipande na kwa fedha yake mwenyewe.

Hasara yake si uchovu wa vidole tu. Mwalimu anayetaabika kutunga atanakili mitihani ya wengine, na wanafunzi watapimwa kwa yale wasiyofundishwa. Mwalimu na apewe chombo cha kusomea, lakini asinyimwe cha kuandikia.