Mtwana Aliyefunzwa Kusoma

Riwaya tunayoihakiki hapa inaitwa Lord of the Clans. Imeandikwa kwa Kiingereza na Christie Golden wa Marekani, nayo ilitolewa na Pocket Books mwaka 2001. Huenda baadhi ya walimu wenzetu wakashangaa kuiona katika kurasa hizi, kwa kuwa asili yake si ngano za wazee wala historia ya taifa, bali ni mchezo wa kompyuta. Tunawaomba watuvumilie. Wanafunzi wetu wanaijua michezo hiyo kuliko wanavyoijua tamthilia iliyo katika mtaala, na si haki mwalimu kukipuuza kitabu kabla ya kukifungua.

Kwanza tueleze asili yake. Kampuni ya Blizzard ya California ilitoa mchezo wa Warcraft mwaka 1994, na wa pili ukafuata mwaka 1995. Mchezaji huamrisha majeshi ya binadamu au ya Maorki, viumbe wenye miili mikubwa, ngozi ya kijani na meno yaliyochomoza. Askari huundwa, hutumwa vitani, hufa, na wengine huundwa badala yao. Hakuna aulizaye jina la aliyekufa. Baadaye kampuni ilianza kutengeneza mchezo wa namna nyingine, wenye kufuata maisha ya Orki mmoja tu, lakini ikauvunja mwaka 1998 kabla haujafika sokoni. Kisa chake ndicho alichokisimulia Golden. Hivyo riwaya hii ni mtoto wa mchezo ambao haukupata kuzaliwa.

Mhusika mkuu ni Orki aliyeokotwa akiwa mchanga, baada ya wazazi wake kuuawa. Aliyemwokota ni Aedelas Blackmoore, bwana wa ngome ya Durnholde, mlevi mwenye tamaa ya ufalme. Blackmoore anampa jina la Thrall, neno la kale la Kiingereza lenye maana ya mtumwa. Anamfunza kupigana kiwanjani mbele ya watu wanaowekeana dau, na anamwajiria mwalimu wa kumfunza kusoma. Shabaha yake ni kwamba siku moja mateka huyu awaongoze Maorki wenzake, waliofungiwa makambini, kwa faida ya bwana wake. Thrall anatoroka, anatafuta kabila lake, anajifunza mila zake kwa mzee kipofu Drek'Thar, kisha anarudi kuzivunja kambi na kuikabili ngome iliyomlea.

Kwa maoni yetu, nguvu ya riwaya iko katika jambo hilo la kusoma. Blackmoore anataka chombo chenye akili. Hatambui kwamba akili haikubali kubaki chombo. Vitabu vile vile alivyopewa Thrall ajifunze mbinu za vita ndivyo vinavyobeba vikaratasi vya siri vya Taretha, binti wa mtumishi wa ngome, ambaye mama yake ndiye aliyemnyonyesha Thrall. Kwa vikaratasi hivyo mtumwa anajua kwamba yuko mtu anayemhesabu kuwa ndugu. Mwandishi hahubiri juu ya faida ya elimu. Anatuonyesha tu herufi zikifanya kazi ambayo bwana hakuzituma.

Lakini elimu hiyo ina upungufu wake, na hapa sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na pwani tunaguswa. Thrall anakua akiijua lugha ya binadamu peke yake. Anapokutana na Maorki wenzake, sura yake ni yao, ila ulimi wake ni wa bwana. Inambidi ajifunze ukubwani lugha ambayo angeinyonya pamoja na maziwa. Wanafunzi wetu wengi wanakuja darasani na lugha ya mama, kisha wanaongezewa nyingine mbili au tatu. Swali ambalo riwaya inatuwekea ni hili: je, lugha tunayoifundisha tunaiongeza juu ya ile aliyonayo mtoto, au tunaiweka mahali pake? Thrall anatumia zote mbili, na hilo ndilo linalomwezesha kusema na kambi zote mbili. Blackmoore alikusudia kumpa moja tu.

Kasoro hazikosi. Ya kwanza ni uchoraji wa Blackmoore. Ulevi wake unarudiwa mno, hata uovu wake unaonekana kutoka katika chupa badala ya kutoka katika utaratibu unaomruhusu mtu kummiliki mwingine. Ya pili, nayo ni nzito zaidi, ni Taretha. Yeye ndiye anayewasha moto ili walinzi washughulike nao na Thrall apate njia. Anakumbusha kijakazi Saada katika kisa cha Fumo Liyongo, aliyebeba mkate wenye tupa ndani yake mpaka gerezani. Lakini Golden anamfanya Taretha kimada wa Blackmoore bila hiari yake, kisha anamtoa roho, na kichwa chake kinatupwa kutoka ukutani mbele ya Thrall. Kifo hicho kinawasha hasira ya shujaa, na hadithi inasonga mbele. Tungependa kujua alichokuwa akikiwaza Taretha usiku wa mwisho. Ukombozi unaonunuliwa kwa mwanamke aliyesahauliwa kuulizwa ni ukombozi wenye deni.

Tuseme pia juu ya tafsiri, maana ndiyo kazi yetu. Je, Maorki tuwaite mazimwi? Zimwi la ngano zetu hula watu, na msomaji atakuwa amekwisha kulihukumu kabla ya ukurasa wa pili. Hata hivyo kusudi la riwaya ni kuipindua hukumu ya namna hiyo, kwa hiyo huenda neno hilo likafaa kuliko tunavyodhani: msomaji aanze na woga wake, kisha aaibike. Jina la Thrall nalo lina mtihani. Neno “mtumwa” linatokana na kutuma, nalo linaeleza vizuri nia ya Blackmoore ya kupata mtu wa kutumwa. Lakini Thrall ni neno lililochakaa katika Kiingereza cha leo, na vijana wengi hulitamka bila kuisikia maana yake. Sisi tungechagua “Mtwana”. Mwanafunzi atalitamka mara nyingi kama jina tu, mpaka siku atakapoifungua kamusi na kushtuka. Mshtuko huo unafaa, kwa kuwa shujaa mwenyewe halitupi jina lake baada ya kuwa huru. Analivaa ili wote wakumbuke lilikotoka.

Je, riwaya hii inafaa shuleni? Haifikii kina cha Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotolewa mwaka 1951, ambayo nayo ilijenga nchi isiyokuwako ili kuisema iliyopo. Pia matukio ya Taretha hayafai watoto wadogo. Lakini kwa madarasa ya juu tungemwomba mwalimu achague sura moja, wanafunzi waifasiri kwa vikundi, kisha wabishane juu ya jina la Thrall na juu ya haki ya Taretha. Kijana aliyezoea kuwatuma askari wasio na majina atakuwa amekaa saa nzima akimtafutia mmoja wao jina. Hiyo ni kazi ya fasihi, na haidhuru kwamba kisa kilianzia mchezoni.