"Wabeja" kwa Mitomingi: Hukumu ya Hadhira katika Onyesho la Ngoswe huko Sola, Simiyu

Ikisiri

Tamthiliya fupi ya Edwin Semzaba, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, husomwa shuleni kama onyo dhidi ya uzembe kazini. Makala haya yanahakiki namna hadhira ya Sola, mkoani Simiyu, ilivyoipokea ilipoonyeshwa upya baada ya sensa ya mwaka 2022. Kwa kuzingatia maneno, vicheko na ukimya wa watazamaji, makala yanadai kwamba mwitiko ambao aghalabu huitwa kutoelewa ni hukumu yenye mantiki, na kwamba hukumu hiyo inaeleweka vizuri zaidi tukiitazama sambamba na mila ya mashindano ya ngoma ya Wasukuma. Pamoja na hayo, makala yanaonyesha kuwa katika kesi hiyo yupo mhusika ambaye hakusikilizwa, naye ni Mazoea.

1.0 Utangulizi

Ngoswe ilichapishwa mwaka 1988, mwaka ambao Tanzania ilifanya sensa yake ya tatu tangu Muungano, baada ya zile za 1967 na 1978. Kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa tamthiliya teule za kidato cha tatu na cha nne, pamoja na Orodha na Kilio Chetu. Matokeo yake ni kwamba inapoonyeshwa leo katika kijiji chenye shule ya sekondari, sehemu kubwa ya watazamaji wamekwisha kuisoma, au wana mtoto nyumbani anayeisoma. Wanakuja uwanjani wakijua kitakachotokea. Wanachokisubiri ni namna kitakavyotokea.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Ngoswe, karani wa sensa, anafika kijijini kuhesabu watu. Mwenyeji wake ni Ngengemkeni Mitomingi, balozi wa nyumba kumi. Badala ya kushughulikia kazi iliyomleta, Ngoswe anampenda Mazoea, binti wa mwenyeji wake, na kumshawishi watoroke. Mitomingi anapogundua, anazichoma karatasi za takwimu. Kazi ya taifa inateketea kwa sababu ya mapenzi, na jina la tamthiliya linatamka wazi mahali pa kuelekeza lawama: penzi ndilo kitovu cha uzembe.

Darasani, jina hilo limekuwa jibu. Mwanafunzi akiulizwa dhamira kuu, hujibu kwa kulifafanua. Akiulizwa ujumbe, hujibu kwamba mtumishi wa umma asichanganye kazi na mapenzi. Jibu hilo linaungwa mkono na matini, wala makala haya hayakusudii kulifuta. Swali langu ni jingine: je, hadhira inayoketi mbele ya tamthiliya hiyo, ikiwa haina mtihani wa kuufanya, hujibu hivyo hivyo?

2.0 Miitiko Mitatu

Onyesho ninalolijadili lilifanyika mchana, uwanjani, bila pazia wala taa. Waigizaji walikuwa wanafunzi na vijana wa hapo hapo. Watazamaji walisimama na kuketi kwa kuzunguka pande tatu: watoto mbele, wasichana upande mmoja, wazee chini ya kivuli. Miitiko mingi ilikuwa ile ya kawaida ya uwanjani, kama vile vicheko mwigizaji anapopepesuka kwa ulevi, au miluzi kijana anapomsogelea binti. Miitiko mitatu, hata hivyo, inahitaji kuangaliwa kwa makini.

Wa kwanza ulitokea Mitomingi alipoziwasha karatasi. Kicheko kikubwa kililipuka, watu wakasogea mbele, na katikati ya kicheko hicho sauti ya mzee mmoja ikasikika ikisema "Wabeja!", kisha wengine wakaipokea. Neno hili la Kisukuma hutumika kushukuru na pia kusifu. Husemwa kwa mtu aliyekutendea jambo jema. Katika mkabala wa matendo-uneni uliojulikana kupitia kitabu cha J. L. Austin cha mwaka 1962, kutamka ni kutenda. Anayesema "wabeja" anaikubali kazi iliyofanywa kuwa imefanywa kwa niaba yake. Wazee wale, kwa hiyo, walimshukuru Mitomingi, na huwezi kumshukuru mtu kwa kitendo ambacho hukukielewa.

Mwitiko wa pili ulifuata papo hapo. Kijana mmoja aliuliza kwa Kiswahili, na kwa sauti ya kusikika na wote, kama Mitomingi angethubutu kuchoma kishikwambi. Uwanja mzima ulicheka tena. Sensa ya 23 Agosti 2022, iliyohesabu watu 61,741,120 nchini kote, ilitumia vishikwambi. Swali la kijana yule lilionekana mzaha, lakini lilikuwa uhakiki wa onyesho. Waliolionyesha upya hawakubadili chochote: karani bado ana karatasi, na karatasi zikiungua taarifa zimeungua. Mtazamaji aliyehesabiwa kwa kishikwambi anajua kwamba taarifa za leo hazipotei kwa kibiriti. Kwake, moto wa Mitomingi umepoteza madhara yake kwa taifa na kubaki na maana moja tu, nayo ni hasira ya baba.

Mwitiko wa tatu ulikuwa ukimya. Wakati wa kicheko hicho, upande wa wasichana haukucheka kwa kiwango kile. Nitaurudia ukimya huo katika sehemu ya 5.0, kwa kuwa ndio unaotuzuia kuishangilia hadhira moja kwa moja.

3.0 Mila ya Kuhukumu kwa Miguu

Walimu wengi wa fasihi, mimi nikiwamo, wamezoea kusema kwamba hadhira ya kijijini hucheka pasipochekesha. Kauli hiyo ina dhana iliyojificha, kwamba maana imo ndani ya kitabu, na kazi ya mtazamaji ni kuipokea kama ilivyo. Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka 1967 huko Konstanz, alipendekeza tuanzie upande mwingine: kila kizazi cha wapokeaji huikabili kazi ya fasihi kikiwa na upeo wake wa matarajio, na maana ya kazi hubadilika kadiri upeo huo unavyobadilika. Swali la kuuliza, basi, ni hili: hadhira ya Sola imeupata wapi upeo wake?

Sehemu moja ya jibu imo katika ngoma. Katika eneo la Wasukuma, mashindano ya ngoma kati ya Bagika na Bagalu hufanyika baada ya mavuno. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja likitumia kila mbinu linayoijua, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Mtazamaji hana karatasi ya alama. Miguu yake ndiyo kura yake: akivutiwa husogea, akichoshwa huhamia upande wa pili. Katika mila hii, kutazama na kuhukumu ni tendo moja, na hukumu hutolewa hadharani onyesho likiwa bado linaendelea.

Jambo hili si geni katika nadharia ya maonyesho duniani. Bertolt Brecht alitamani watazamaji wa tamthiliya wafanane na watazamaji wa ndondi, ambao huketi wakiujua mchezo na kuwapima wachezaji bila aibu. Alichokitamani Brecht kwa kumbi za Ujerumani kipo tayari katika viwanja vya Simiyu. Watu waliposogea mbele Mitomingi alipowasha moto, walifanya kile ambacho uwanja wa ngoma umewazoeza kufanya, yaani walimpa ushindi.

Inaweza kupingwa kwamba walivutiwa na moto wenyewe, kwa kuwa moto jukwaani ni kivutio. Pingamizi hili lina uzito, lakini haliwezi kulieleza neno "wabeja". Kivutio huzaa mshangao, na Kisukuma, kama lugha nyingine yoyote, kina vihisishi vya mshangao. Wazee wale walichagua neno la shukrani. Uteuzi wa neno ni ushahidi, na mhakiki anayejali lugha hana ruhusa ya kuupuuza.

4.0 Balozi Amekuwa Baba

Je, hukumu hiyo ina mashiko ndani ya matini? Nadhani inayo, na neno moja linatosha kuonyesha hivyo, nalo ni balozi. Mwaka 1988, chini ya mfumo wa chama kimoja, balozi wa nyumba kumi alikuwa mkono wa mwisho wa chama, na kwa hakika wa dola, unaofika mlangoni kwa mwananchi. Semzaba alimfanya mtu huyo huyo kuwa mchomaji wa karatasi za serikali. Kwa msomaji wa wakati ule kejeli ilikuwa kali: dola inajichoma kwa mkono wake yenyewe, kwa kuwa mtumishi wake mmoja amemkosea mtumishi mwingine.

Tangu mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992, maana ya neno hilo imesinyaa. Balozi amebaki kuwa kiongozi wa shina la chama, na kijana wa leo hahitaji kumwona kama serikali. Msamiati wa tamthiliya haujabadilika, lakini neno limemponyoka mwandishi. Mitomingi anapopanda jukwaani huko Sola, ubalozi wake unasikika kama cheo cha heshima tu, na kinachobaki ni mambo mawili: yeye ni mwenyeji, na yeye ni baba. Upande wa pili Ngoswe ni mgeni aliyekula, akanywa na kulala kwa mwenyeji, kisha akamtorosha mwanawe. Katika jamii ambayo ndoa huunganisha koo mbili kwa ng'ombe wa mahari, utoroshaji huo ni uvunjaji wa ugeni, na pia ni kuichukua mali ya ukoo bila mazungumzo.

Hapa ndipo hadhira inapotofautiana na jina la tamthiliya. Jina linasema kitovu cha uzembe ni penzi. Uwanja ulisema kosa limeanza kabla ya penzi, pale mgeni mwenye mamlaka alipodhani kwamba mamlaka yake yanamruhusu kuwa juu ya taratibu za nyumba iliyompokea. Hukumu hii haiivunji tamthiliya. Inaifungua, kwa sababu inampa Mitomingi sababu za kimaadili ambazo usomaji wa darasani humnyima. Darasani huyu ni mzee mjinga aliyekwamisha maendeleo. Uwanjani ni mtu aliyesalitiwa na serikali aliyoitumikia.

5.0 Aliyekaa Kimya

Pamoja na hayo, mhakiki hana budi kuihakiki hadhira pia. Shukrani kwa Mitomingi ni shukrani kwa baba kutoka kwa mababa. Mazoea mwenyewe amepotelea wapi? Katika jina la tamthiliya yeye ni "penzi", yaani chanzo cha uzembe wa mwanamume. Katika hukumu ya uwanja yeye ni kitu kilichoibwa. Pande zote mbili, zinazobishana vikali kuhusu nani alaumiwe, zinakubaliana bila kusema kwamba utashi wake hauhesabiki. Ni kejeli isiyo ndogo katika tamthiliya inayohusu kuhesabu watu.

Ndiyo maana ukimya wa wasichana wa Sola ni ushahidi wenye uzito sawa na neno "wabeja". Siwezi kudai kwamba ninajua walichokifikiri. Ukimya hauna sarufi moja. Lakini ninaweza kusema kwamba onyesho halikuwapa mahali pa kusema. Mila ya ngoma humwezesha mtazamaji kuhukumu kwa kusogea, na aliyezoea kuketi upande wake hawezi kusogea kwa uhuru uleule.

Eneo hili lina historia ya kujifunza jambo hilo. Mwaka 1982 na 1983, Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi waliendesha mradi wa sanaa za maonyesho kwa maendeleo huko Malya, wilayani Kwimba, jirani na Maswa. Masuala yaliyoshughulikiwa ni pamoja na utoro wa vijana na mimba za wasichana. Mlama ameueleza mradi huo katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu utamaduni na maendeleo. La msingi katika mbinu hiyo ni kwamba onyesho haliishii kwenye makofi, kwani majadiliano ya wanajamii ni sehemu ya onyesho lenyewe. Bila majadiliano, sauti inayosikika ni ya yule ambaye tayari ana sauti.

Waandaaji wa onyesho la Sola walikuwa na fursa hiyohiyo. Onyesho lilipokwisha, watu walitawanyika kwa furaha, na shauri likafungwa kwa kauli ya wazee. Laiti yule aliyeigiza Mazoea angeitwa arudi uwanjani, akaulizwa alitaka nini, kisha wasichana wenzake wakaulizwa kama wanakubaliana naye, tamthiliya ya mwaka 1988 ingekuwa imepata tendo jipya bila kubadilishwa hata sentensi moja.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kicheko cha hadhira ya Sola mbele ya karatasi zinazoungua kilikuwa hukumu, na ushahidi wake ni wa kilugha. Pili, hukumu hiyo imewezeshwa na mila ya utazamaji ambayo uhakiki wetu wa tamthiliya ya Kiswahili haujaipa nafasi inayostahili, pamoja na mabadiliko ya maana ya neno balozi tangu tamthiliya ilipochapishwa. Tatu, hukumu hiyo, kama hukumu yoyote, inaweza kukatiwa rufaa.

Kwa mwalimu wa fasihi, funzo ni la vitendo. Kabla ya kumpa mwanafunzi jibu lililomo katika jina la kitabu, amruhusu kwanza aseme ni nani angemwambia "wabeja" na kwa nini. Kwa mwongozaji anayetaka kuionyesha Ngoswe upya, jambo la kuamua lina uzito kuliko kuchagua kati ya karatasi na kishikwambi: ni nani atakayepewa neno moto ukishazimika. Karani wa sensa huandika kila aliyemo nyumbani. Onyesho linalohusu sensa lingefanya vyema kufuata kanuni hiyo hiyo, likianza na binti aliyetoroshwa.