Mpiga Fidla na Uongozi Wake

Wako watu wasemao ya kuwa kiongozi wa wapiga muziki sharti asimame mbele yao na fimbo mkononi, kama ilivyo desturi ya Ulaya. Sisi twaona kwamba visiwa vyetu vina njia nyingine, nayo yastahili kupimwa kwa mizani ya haki. Mfano wetu ni Makame Faki wa Unguja, mpiga fidla na mwimbaji, ambaye watu walimpa jina la Sauti ya Zege.

Bwana huyu alijulikana katika mabaraza mawili. La kwanza ni Culture Musical Club, chama cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1958, ambamo fidla kadhaa hupigwa pamoja na udi na ganuni, na watu huketi kusikiliza. La pili ni kidumbaki, muziki wa arusini, wenye ngoma mbili ndogo, sanduku la uzi mmoja, cherewa, mkwasa, na fidla moja tu. Mwaka 1997 kundi lake, Kidumbak Kalcha, lilitoa sahani iitwayo Ng'ombe.

Wengi hukidharau kidumbaki, wakikiita taarabu ya maskini. Hukumu hiyo hatuikubali. Penye fidla nyingi, mmoja akikosea wenziwe humsitiri. Penye fidla moja hapana pa kujificha. Kiongozi hupiga, huimba, tena huunganisha wimbo huu na ule pasipo kusimama, na upinde wake ndio amri kwa wote. Sisi wa Pemba, tuliokulia katika ngoma ya msewe, twajua jinsi mguu mmoja uliopotea uwezavyo kuivuruga safu nzima.

Walakini liko la kulaumiwa. Mara nyingine mbio za fidla huyafunika maneno, na arusini watu hucheza wasijue kilichoimbwa. Kwa taifa lipendalo mashairi, hiyo si hasara ndogo.

Siku hizi kinanda cha umeme hufanya kazi ya watu watano kwa gharama ya mmoja, na wenye arusi hufurahia nafuu hiyo. Lakini kinanda hakimsikilizi mwenzake, wala hakimfundishi kijana kusikiliza. Wahenga walisema, mcheza kwao hutuzwa. Basi na tuwatuze wapiga fidla wetu wangali hai, na mtoto atakaye kujifunza kwao asizuiwe.