Mkeka Mbele ya Mhakiki

Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiombwa auhakiki utenzi anajua pa kuanzia. Ataeleza fani, ataeleza maudhui, atahesabu mizani, na akiona pana guni hatasita kusema kuwa pana guni. Mwanafunzi huyohuyo akiwekewa mkeka mbele yake aghalabu atasema mambo mawili tu: kwamba ni mzuri, na kwamba ni utamaduni wetu. Hatumlaumu. Vitabu vingi vya utamaduni, vikifika kwenye ususi, huorodhesha vyombo na matumizi yake, kisha vikaendelea na ngoma. Katika insha hii twataka kuonyesha kwamba ususi una kanuni zake za kuhakikiwa, kwamba kanuni hizo zimo tayari vidoleni mwa wasusi, na kwamba kuzipuuza kuna hasara ambayo imekwisha anza kuonekana.

Yafaa tuanze na kazi yenyewe. Mkeka wa pwani yetu, Lamu, Unguja, Pemba na Mafia, hausukwi mzima. Kinachosukwa kwanza ni ukili, yaani utepe mrefu wa ukindu. Majani machanga ya mkindu hukatwa, hukaushwa juani mpaka yakapoteza ukijani wake, kisha huchanwa yakawa chane nyembamba. Zile zitakazotiwa rangi huchemshwa pamoja na rangi. Zamani weusi ulipatikana katika mizizi ya mdaa. Siku hizi rangi nyingi ni za unga wa dukani. Msusi huzipitisha chane hizo kimshazari, hii juu na ile chini, huku akichomeka chane mpya pale ile ya awali inapokwisha, na ukili hukua pima baada ya pima. Hapo ndipo kili zinaposhonwa ubavu kwa ubavu, na kingo zikapindwa. Jamvi la miyaa hufuata njia hiyohiyo, ila chane zake ni pana zaidi na kazi yake ni nzito.

Msomaji azingatie neno moja katika maelezo hayo: kimshazari. Hapo ndipo penye siri ya sanaa hii. Chane haiendi moja kwa moja kufuata urefu wa ukili. Huenda upande hadi ukingoni, hukunjwa, kisha hurudi upande wa pili. Basi chane nyekundu iliyowekwa mwanzoni itasafiri ikizunguka toka ukingo hadi ukingo muda wote wa uhai wake. Rangi katika mkeka si kitu kilichopakwa juu ya kazi iliyokwisha, kama ilivyo katika picha. Rangi ni njia ya chane. Anayetaka miraba, au meno, au mawimbi, hana budi kuamua kabla ya kuanza ni chane ngapi ziwe na rangi, zikae kwa mpangilio gani, na kila moja ipite juu ya ngapi na chini ya ngapi. Hana karatasi wala rula. Akikosea hesabu mahali, pambo litaanza kuhama, na baada ya pima moja au mbili litakuwa limekwenda arijojo. Kulirekebisha ni kufumua.

Hii ni hesabu hasa, na twathubutu kusema kwamba ni dada wa mizani ya shairi. Mshairi naye huhesabu bila ya kuonyesha kuwa anahesabu.

Kutokana na hayo mhakiki anapata mambo ya kuuliza. Je, chane zina upana mmoja? Zilizochanwa ovyo hutoa ukili wenye mikunjo, na mkeka wake haulali sakafuni ukatulia. Je, ukiinuliwa juani mwanga hupenya kwa usawa, au pana sehemu zilizobanwa na sehemu zilizolegea kwa sababu msusi alichoka au aliharakishwa? Je, viungo vya chane vimefichwa? Ugeuzwe upande wa nyuma: hapo ndipo msusi mzembe huacha ncha zake, akiamini kwamba mnunuzi hatazami nyuma. Swali gumu kuliko yote linahusu mshono. Ukili mmoja ukikutana na mwenziwe, pambo la huyu lapaswa kupokelewa na pambo la yule. Meno yakutane na meno, na mstari uliokatika kwenye ukingo uendelee ng'ambo yake. Iko mikeka yenye kili safi kabisa iliyoharibiwa na mshonaji ambaye alivuta kili moja kuliko nyingine, na matokeo yake ni kitambo cha pambo kinachopanda mlima. Na iko mikeka michache ambayo mshono wake hauonekani mpaka uutafute kwa kidole. Tofauti baina ya mikeka hiyo miwili ni tofauti ya sanaa, si ya bei ya rangi.

Wapo watakaotuuliza: fani tumeiona, maudhui yako wapi? Jibu jepesi ni kuonyesha vipepeo na mikeka iliyosukwa maneno, kama lile neno "Karibu" linalopendwa sana. Sisi hatuliridhii jibu hilo. Herufi zinapoingizwa katika ususi wa mshazari mara nyingi hukaa kwa taabu, zikiwa na mabega yaliyovunjika, na msusi huonekana kama mtu anayesema lugha ya kuazima ilhali yake anayo. Maudhui ya mkeka tuyatafute katika jambo ambalo mkeka unalifanya. Hapo watu hukaa bila kutofautishwa na urefu wa viti. Msala humtengea mwenye kusali mahali pake, hata kama ni ukumbini penye watoto. Mkeka wa harusi hutandikwa ungali mpya, rangi zake zikiwa kali, kwa sababu upya wenyewe ni sehemu ya salamu. Pambo la mkeka wa namna hiyo likiwa la fujo, kosa lake ni la fani na maudhui kwa pamoja. Hata hivyo tusizidishe. Kuna wahakiki wanaoutwisha kila mraba wa ukindu falsafa ambayo aliyeusuka hakuikusudia, na hilo nalo ni namna ya kutomsikiliza.

Dharau ya kuuita ususi kazi ya mikono tu, na kuipa picha na sanamu jina la sanaa, hatukuizua sisi. Tuliipokea pamoja na mambo mengine kutoka Ulaya, na huko kwenyewe imekwisha kupingwa. Katika shule ya Bauhaus iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1919, wanafunzi wanawake wengi walielekezwa kwenye karakana ya ufumaji, watake wasitake. Mmoja wao, Anni Albers, aliufanya ufumaji uwe fikra kamili, na mwaka 1949 kazi zake zilionyeshwa peke yake katika Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York. Mwaka 1962 yalifanyika kwa mara ya kwanza huko Lausanne, Uswisi, maonyesho makubwa ya kimataifa ya ufumaji, na katika maonyesho hayo alijitokeza Magdalena Abakanowicz wa Poland. Huyu alikusanya kamba kuukuu za mkonge, akazifumua, akazitia rangi, akazifuma upya kuwa maumbo makubwa yanayoning'inia kutoka darini. Moja, jekundu, la mwaka 1969, lina urefu wa zaidi ya mita 4. Wahakiki walikosa jina la kuyaita maumbo hayo, wakaunda neno kutoka katika jina lake mwenyewe: Abakan.

Mkonge! Wasomaji wa Tanga watatabasamu. Mmea huo uliletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ikiongoza duniani. Desemba ya mwaka huohuo wa 1962 Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Singa ilikuwa yetu, na nia ya kuuinua utamaduni ilikuwapo. Kilichokosekana ni lugha ya uhakiki kwa ajili ya mambo yaliyosukwa.

Hatusemi kwamba msusi wa Pemba amuige Abakanowicz. Yule wa Poland aliukomboa uzi kutoka katika matumizi, na hiyo ndiyo ilikuwa hoja yake. Msusi wetu hajalalamika kwamba matumizi yanamfunga. Kumwambia atundike mkeka wake ukutani ndipo tumwite msanii ni kumvika kanzu ya mtu mwingine. Tunachokitamani kutoka kule ni kitu kidogo zaidi: kwamba mbele ya kila kazi pana jina, pana mwaka, na pana mtu aliyejisumbua kueleza kwa nini hii imefaulu na ile haikufaulu.

Tulinganishe na hapa kwetu. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972, miaka michache tu baada ya kuanza kuchora, na jina lake limekuwa jina la mtindo mzima. George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, anajulikana mbali kwa sanamu na picha zake za mashetani. Twaona fahari. Lakini mtaje msusi mmoja. Ususi wa pwani kwa sehemu kubwa ni kazi ya wanawake, na kibao cha maonyesho kinapotaja "mkeka, ukindu, Zanzibar" kimetaja mmea na kisiwa, kikamwacha mtu.

Hasara tuliyoigusia mwanzoni iko sokoni. Mnunuzi asiyejua kuhakiki hulipa kwa ukubwa na kwa wingi wa rangi. Msusi hodari na msusi mzembe wakilipwa sawasawa kwa mkeka wa kipimo kimoja, hodari ana sababu gani ya kufumua pima mbili kwa kosa la chane moja? Majirani zetu wa Kenya wameliona jambo hili katika kiondo. Wanawake wa Kikamba na Kikikuyu walisokota uzi pajani, wakaanzia kitako, wakazunguka wakipanda, wakisuka hata wakiwa njiani. Kiondo kilipopata soko la ng'ambo kiliongezewa mikanda ya ngozi, kisha viwanda vya mbali vikaanza kukiiga kwa mashine. Mnunuzi wa ng'ambo hakutambua tofauti, na aliyekuwa na wajibu wa kumweleza hakuwa ameandika neno. Vikapu vya milulu vya Iringa, ambavyo urembo wake umo katika utulivu wa rangi ya milulu yenyewe, vimepenya maduka ya wageni kwa njia hiyohiyo. Tunavipenda, ila ile mipini iliyoshonewa kwa pupa inaukata mzunguko mahali ambapo macho yalitaka kuendelea.

Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019, vikapu vilirudi mikononi mwa watu. Miongoni mwavyo vimo vilivyosukwa kwa tepe za plastiki, zile za kufungia mizigo. Wapenda utamaduni wengi huvikunjia uso. Sisi twaomba vitazamwe kwanza. Tepe ya plastiki ina upana mmoja toka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo inamwondolea msusi taabu ya kuchana, lakini pia inamnyima ile tofauti ndogo ya chane na chane inayoupa ukindu uhai wake. Huteleza, haikubali kubanwa kama jani, na pembe za kikapu hubaki na kiburi. Kwa upande mwingine, hesabu ya mapambo humo ni ileile ya bibi zetu, na vipo vikapu vya plastiki ambavyo hesabu yake haina kosa, vikiwa vimetundikwa kando ya vya ukindu vilivyosukwa vibaya.

Mwalimu akitaka kuanza, achukue kimoja cha kila aina, aviweke juu ya meza, na awaulize wanafunzi kipi kimekosewa, wapi, na ni nani aliyekisuka. Kwa swali la tatu itawabidi warudi sokoni.