Picha za Kuwacheka Wakubwa wa Dini



Jumapili moja, kabla ya mafundisho, tulikuta picha katika ukuta wa darasa letu. Mtoto fulani aliichora kwa makaa. Ilimwonyesha katekista mwenye tumbo kubwa: mkono mmoja umeshika rozari, na mkono wa pili umezama katika kikapu cha sadaka. Katekista yule nilikuwa mimi. Wazee wakasema: «Mtoto huyu atafutwe, achapwe.» Nami nakiri kwamba moyoni nilikubaliana nao. Lakini nilipotulia nikajiuliza: picha ya namna hii ni dhambi, ama ni fundisho? Tena, nani mwenye haki ya kuizuia?

Watu wengi huzihukumu picha hizi bila kuzitazama. Basi leo tutazame chache, moja baada ya nyingine.

Ya kwanza iko Roma. Mwaka 1857 iligunduliwa katika mlima wa Palatino, penye majumba ya Makaisari wa zamani. Ilikwaruzwa ukutani kwa kitu chenye ncha, na wataalamu wengi wanaiweka karibu na mwaka 200. Mtu amesulubiwa, naye ana kichwa cha punda. Kando yake kijana ameinua mkono wake. Chini pameandikwa kwa Kigiriki kwamba Alexamenos anamwabudu Mungu wake. Kati ya picha zote za Msalaba zilizobaki duniani, hii ni moja ya zile za zamani sana, nayo ni dhihaka!

Picha hii inamshitaki Alexamenos kosa gani? Je, aliiba? Alisema uwongo? Alimdhulumu mjane? Hapana. Inacheka tu kitu anachokiheshimu. Alexamenos hawezi kujirekebisha kwa kuitazama, maana haikumwonyesha kosa lolote. Hicho ndicho kipimo ninachotaka kukitumia: picha ya dhihaka ni nzuri ikiwa anayechekwa aweza kuitazama, akaona kosa lake, akajirekebisha.

Tuje sasa Ujerumani. Mwaka 1521, katika mji wa Wittenberg, wafuasi wa Luther walitoa kitabu kidogo chenye picha 26 za Lucas Cranach, zilizochongwa katika mbao na kupigwa chapa. Zimepangwa mbili mbili: upande mmoja Kristo, upande wa pili Papa. Kristo anaosha miguu ya mitume. Papa anabusiwa miguu na wafalme. Kristo anavikwa taji la miiba. Papa anavikwa taji la dhahabu. Kristo anawafukuza wafanya biashara hekaluni. Papa anauza hati za rehema.

Sisi Wakatoliki picha hizi zinatuuma. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mchoraji hakucheka Injili. Aliishika Injili kama kioo mbele ya mkubwa wa Kanisa. Na Kanisa lenyewe lilijitazama. Mtaguso wa Trento, uliomalizika mwaka 1563, ulikataza biashara ya rehema. Tarehe 13 Novemba 1964 Papa Paulo wa Sita aliliweka taji lake juu ya altare ya Mtakatifu Petro, liwe zawadi kwa maskini, wala hakuna Papa aliyevikwa taji la namna hiyo baada yake. Na tarehe 11 Aprili 2019 Papa Fransisko, mzee wa miaka 82, alipiga magoti akabusu viatu vya wakubwa wa Sudani ya Kusini, akiwasihi walinde amani. Sisemi kwamba walifanya hivyo kwa ajili ya Cranach. Nasema kwamba jambo alilolidai lilikuwa la Injili, hata likitoka katika kinywa cha adui.

Hata hivyo kitabu kile kina kosa lake. Katika picha ya mwisho Papa anatupwa motoni na mashetani. Hapo mchoraji ameweka kioo chini, akakaa katika kiti cha Mungu. Mbegu ile ilikua. Mwaka 1545, kutoka karakana ile ile, zilitoka picha nyingine pamoja na mashairi ya Luther. Katika moja Papa amepanda nguruwe. Katika nyingine wakulima wanamgeuzia matako. Ufundi upo, lakini fundisho li wapi? Papa ajirekebishe nini hapo? Nasi pia tusijisifu. Mwaka 1529 mwandishi Mkatoliki, Johannes Cochlaeus, alitoa kitabu kilichomwonyesha Luther mwenye vichwa saba, kama mnyama wa kutisha. Nyani haoni kundule.

Picha zilizowasumbua watu wa siku zetu zilitoka Denmark. Tarehe 30 Septemba 2005 gazeti la Jyllands-Posten lilitoa picha 12 juu ya Mtume Muhammad. Hazikuwa sawa zote. Moja ililicheka gazeti lenyewe. Iliyojulikana zaidi, ya Kurt Westergaard, ilionyesha kilemba chenye bomu. Watetezi wake wanasema ililenga wauaji wanaotumia jina la dini. Ikiwa ndivyo, ingemwonyesha muuaji. Bomu lililowekwa juu ya kichwa cha Mtume linamwangukia kila Mwislamu, hata yule jirani yetu anayefunga na kulisha maskini. Naye ajirekebishe nini?

Lakini wale waliojibu kwa moto walikosa zaidi sana. Mwezi Februari 2006, huko Maiduguri katika Nigeria, makanisa yalichomwa na Padri Michael Gajere akauawa. Tarehe 7 Januari 2015 watu 12 waliuawa huko Paris katika shambulio la gazeti la Charlie Hebdo; na siku chache baadaye, baada ya gazeti hilo kumchora tena Mtume, makanisa zaidi ya 40 yalichomwa katika Niger. Wakristo wale hawakushika kalamu yoyote katika shauri lile. Papa Fransisko alisema mwezi ule ule kwamba kusema wazi ni haki, hata ni wajibu. Kwamba haifai kutukana imani ya mwenzako. Na kwamba hakuna aruhusiwaye kuua kwa jina la Mungu.

Basi serikali ipige marufuku picha mbaya? Mimi nasema hapana. Anayepewa rungu la kuzuia picha ya nguruwe atazuia kwanza picha ya kuosha miguu, maana ndiyo inayomchoma. Mkubwa anayechekwa hafai kuwa hakimu wa shauri lake mwenyewe. Katiba yetu ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 23, inampa kila mtu haki ya kutoa mawazo yake, akiheshimu sheria na adabu. Hata Sheria ya Kanisa, kanuni ya 212, inawapa waamini haki ya kuwaambia wachungaji mawazo yao kwa heshima, na mara nyingine inawalazimu. Lakini mwenye kalamu akumbuke fundisho la Mtume Paulo kwa Wakorinto: kuruhusiwa ni jambo moja, kujenga ni jambo lingine.

Katika jengo lile la Palatino, chumba kingine, yalikutwa maneno ya Kilatini: Alexamenos mwaminifu. Wengi wameyasoma kama jibu lake. Ikiwa ndilo, hakuchoma nyumba ya mtu.

Nami nilirudi kwenye ukuta wetu. Nani alikuwa amewahi kuwasomea waamini hesabu ya kikapu? Hakuna, wala mimi. Jumapili iliyofuata nilisimama nikaisoma yote, faranga kwa faranga, mbele ya watu. Tangu siku hiyo tunaisoma kila mwezi. Kuta zilipopakwa chokaa kwa ajili ya Pasaka, picha ilifutika yenyewe, na mtoto hakutafutwa.