Propela Inapoelekezwa Mbele

Novemba 2014, dereva Ken Block wa Marekani alitoa video ya Gymkhana Seven, iliyopigwa katika mitaa ya Los Angeles. Gari lilikuwa Ford Mustang ya mwaka 1965, lililopewa jina la Hoonicorn. Kila lilipokata kona, moshi ulifuka kutoka matairi yote manne. Wanaoijua Mustang ya enzi hizo walikodoa macho kwenye matairi ya mbele, kwa sababu gari hilo lilitoka kiwandani likisukumwa na magurudumu ya nyuma tu.

Injini haikuwa ile ambayo gari lilitoka nayo kiwandani. Chini ya boneti palikuwa na V8 ya lita 6.7 kutoka Roush Yates, yenye nguvu farasi 845. Waliolijenga gari ni ASD Motorsports wa North Carolina pamoja na RTR, kampuni ya dereva Vaughn Gittin Jr. Watu wengi walizungumzia idadi hiyo ya farasi. Kwa mtu anayetazama kazi ya ufundi, idadi hiyo ndiyo sehemu nyepesi ya habari.

Kubadilisha injini ni kazi kubwa, lakini njia yake inajulikana. Fundi aliyewahi kutia injini ya 2JZ kwenye Toyota Altezza anazijua shida zake: mounting, nyaya, rejeta, ekzosi. Zote zinatatuliwa moja baada ya nyingine. Kulifanya gari hilohilo livutwe na magurudumu ya mbele pia ni jambo jingine kabisa, kwa sababu kila kitu kipya kinadai nafasi moja, nayo ina wenyewe. Injini imekaa kwa urefu, chini yake imening'inia sampu ya oili, na chini ya sampu umepita mhimili wa chuma unaobeba injini na reki ya usukani. Hapohapo ndipo difu ya mbele inapotakiwa kukaa.

Mwelekeo ndio unaoleta ugumu. Gari la kuvuta kwa mbele likigeuzwa kuwa la magurudumu manne, propela hupelekwa nyuma, chini ya sakafu, mahali penye uwazi. Gari la kusukuma kwa nyuma linadai kinyume chake: propela irudi mbele, ipite ubavuni mwa giaboksi, iingie penye msongamano. Toyota ni mfano mzuri. Celica yao ya Twin-Cam Turbo, iliyosukumwa na magurudumu ya nyuma, ilishinda Safari Rally mara tatu mfululizo: Björn Waldegård mwaka 1984, Juha Kankkunen 1985, kisha Waldegård tena 1986. Walipotaka gari la magurudumu manne hawakuhangaika na umbo lile la zamani. GT-Four iliyofuata ilijengwa juu ya Celica mpya ya kuvuta kwa mbele, injini ikiwa imelala kwa upana. Kwa GT-Four hizo Waldegård alishinda Safari ya 1990, na Mkenya Ian Duncan akaichukua ya 1994.

Nissan ndio walioamua kuingia kwenye msongamano wenyewe. Skyline GT-R ya R32, iliyotoka mwaka 1989, ilikuwa na injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, imekaa kwa urefu kama ilivyo kwenye gari la kusukuma kwa nyuma. Mpango wa awali ulikuwa injini ya takriban lita 2.4 na magurudumu mawili. Mfumo wa magurudumu manne ulipoongezwa, uzito ulipanda, na ujazo ukasogezwa hadi sentimita za ujazo 2,568. Kanuni za mashindano ya Group A zilizidisha ujazo wa injini ya turbo kwa 1.7, hivyo injini hiyo ilihesabiwa kama ya lita 4.4 hivi na kuangukia daraja lililoruhusu matairi mapana zaidi. Uamuzi wa kuongeza shafti mbili za mbele ulibadilisha injini nzima.

Ukiinama chini ya R32 utaona jinsi walivyofanya, na ni kazi ya kupendeza mno. Difu ndogo imefungwa kwa bolti kwenye ubavu wa sampu, kana kwamba ni sehemu ya injini. Shafti ya gurudumu la upande wa pili inapita ndani ya bomba lililokatiza sampu, oili ikiwa imelizunguka bomba hilo pande zote. Kwa hiyo injini haikulazimika kupandishwa juu. Nyuma ya giaboksi kuna klachi ya sahani nyingi zinazoogelea kwenye oili, na mnyororo unaopeleka nguvu kwenye propela ya mbele. Katika hali ya kawaida nguvu yote huenda nyuma. Kompyuta ikiona magurudumu ya nyuma yanateleza, presha ya oili huzibana sahani na hadi nusu ya nguvu huhamia mbele. Katika ligi ya Japani ya magari ya Group A, kuanzia 1990 hadi 1993, GT-R ilishinda mbio zote 29 ilizoshiriki.

Ndiyo maana mwenye Skyline ya kusukuma kwa nyuma, au Nissan Silvia iliyokwisha kutiwa injini ya RB kama ile ya GT-R, huanza kwa kutafuta sampu ya aina hiyo. Lakini sampu peke yake haitoshi. Kwenye gari la kusukuma kwa nyuma, kipande kinachobeba gurudumu la mbele kina msumari mnene wa chuma uliojaa, na habu huuzungukia. Hakuna tundu la kupitisha shafti. Lazima kipande hicho kitolewe na kuwekwa chenye habu ya meno, na pamoja nacho mikono na breki zinazokubaliana nacho. Sakafu juu ya giaboksi nayo hukatwa na kupanuliwa. Na wapenzi wa drifti wajue mapema: sivijointi haikubali kukunjwa kadiri magurudumu ya mbele ya gari la drifti yanavyokunjwa.

Kosa linaloharibu kazi nzuri huwa kwenye hesabu ya difu. R32 GT-R hutumia uwiano wa 4.111, GT-R ya baadaye ya R34 ikatumia 3.545. Mtu akifunga difu ya mbele ya R32 na ya nyuma ya R34, propela moja itataka kuzunguka kwa kasi iliyozidi ya nyingine kwa asilimia 16 hivi, hata gari likienda njia iliyonyooka. Tofauti hiyo yote inabebwa na zile sahani za klachi. Zitateleza bila kupumzika mpaka ziungue. Tairi za mbele na nyuma zenye vimo tofauti huleta balaa lilelile, polepole zaidi.

Wajenzi wa Hoonicorn walikwenda njia nyingine. Hawakuibembeleza Mustang ipokee vipande vya gari jingine. Walijenga mifupa mipya ya mabomba ya chuma, wakafunga giaboksi ya Sadev ya gia sita iliyotengenezwa tangu mwanzo kwa mashindano ya magurudumu manne, kisha wakalivisha gari umbo la 1965. Ni njia ya gharama kubwa, na kwa nguvu ya kiasi kile ndiyo iliyokuwa sahihi. Baadaye injini iliongezwa turbo mbili na kutumia methanoli, ikafika nguvu farasi 1,400, na mwaka 2017 Block akaonekana akilipandisha gari mlima wa Pikes Peak, Colorado, kwa matairi yaleyale manne yanayofuka moshi.

Kiungo kimoja katika mfumo huo hakionekani kwenye video, ingawa mbwembwe zote zinakitegemea. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yakiwa yameunganishwa, dereva akivuta hendibreki anaipiga breki injini pamoja na magurudumu ya mbele, na gari linakataa kugeuka. Kwa hiyo hendibreki ya Hoonicorn ni ya haidroliki, na inapovutwa hukata kwanza nguvu inayokwenda nyuma. Tairi za nyuma hufunga, mkia unazunguka, huku zile za mbele zikiendelea kuvuta.