Mashine haipimi floraidi

"Prof, mashine imepima floraidi, ni miligramu 1.2 kwa lita." Kauli hii ya mwanafunzi wa kemia wa mwaka wa tatu ni Kiswahili safi, lakini ni kemia mbovu. Elektrodi haipimi floraidi; hupima volteji. Kiwango cha floraidi hukadiriwa kwa kulinganisha volteji hiyo na ile ya mimumunyo sanifu ambayo mwanafunzi mwenyewe ameiandaa. Akikosea kuiandaa, mashine itatoa tarakimu vilevile, tena bila haya.

Tunayo Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu 1990. Kwa hivyo nomino si tatizo letu kubwa. Tatizo ni kitenzi "kupima", ambacho tunakitwika kila kazi ya maabara. Hebu tutenganishe: kifaa hupima, mwanafunzi hulinganisha, kisha hukadiria.

Huu si ubishi wa maneno matupu. Katika Bonde la Ufa, maji ya visima vingi yana floraidi inayoharibu meno ya watoto. Kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Anayeamini kwamba mashine "imepima" hatauliza mimumunyo iliandaliwa vipi, ilhali kuna kijiji kinachosubiri kunywa maji hayo.